Mkasi Usio na Kidole Gumba

Mtafute mtu wa mkono wa kushoto, mpe mkasi wa kawaida wa dukani na kipande cha kitenge, umwambie akate. Mkasi uwe mpya, makali yake yawe ya kunyolea ndevu. Mara nyingi kitenge hakitakatika. Kitajikunja kati ya mabapa mawili na kulala humo kama noti iliyofichwa kitabuni, na mtu wako atakutazama akidhani umemfanyia mzaha. Sasa mwombe mkasi, mpe mwenzake wa mkono wa kulia aliyeketi kando. Kitenge kilekile kinapasuka mstari mmoja hadi pindoni.

Makali hayajabadilika. Kilichobadilika ni gumba. Mkono wa kulia unapofumba, gumba husukuma pete yake nje kidogo, na vidole vingine huvuta pete ya pili kuelekea kiganjani. Mwenyewe hana habari kwamba anafanya hivyo. Lakini ng'ambo ya skrubu ya katikati msukumo huo hugeuka: bapa moja hulilalia jingine, na pale yanapogusana ndipo nguo inapokatika. Mkono wa kushoto nao husukuma vilevile, ila kwake mkasi umekaa kinyume, hivyo anavyozidi kukaza ndivyo mabapa yanavyozidi kuachana. Ndiyo maana mkasi mkali unaweza kushindwa, na mkasi butu ukafanya kazi.

Hapa Kolwezi, upande wa Manika, yuko mama mmoja mshonaji mwenye mkasi ambao skrubu yake imelegea kiasi kwamba ukiutikisa unalia kama njuga. Wanafunzi wake wakiuazima wanatafuna nguo. Yeye huuchukua akakata koti zima la bwana harusi, shingo hadi pindo, huku anabishana na mteja juu ya bei ya vifungo. Nilimuuliza siri yake.

"Haiko makasi, papa," akasema. "Kidole njo inakataka."

Maneno hayo yalinikaa kichwani muda mrefu, yakaja kunirudia nilipoanza kusoma jinsi wahandisi wanavyobuni mikasi ya roboti za upasuaji. Kwa sababu huko kidole hakipo.

Daktari mpasuaji hukaa kwenye dawati lake, kichwa amekiinamisha kwenye kioo cha kutazamia, vidole amevitia ndani ya pete mbili. Mita chache kutoka hapo mgonjwa amelala, na kupitia matundu madogo tumboni mwake zimeingia fito nyembamba. Za da Vinci, mashine iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 2000 na iliyoenea kuliko nyingine zote, kwa kawaida zina unene wa milimita 8. Kwenye ncha ya ufito mmoja kuna mkasi ambao mabapa yake hayazidi sana sentimita moja. Daktari akifumba vidole, mkasi nao unafumba. Akitembeza mkono sentimita 3, mashine inaweza kupangwa iutembeze mkasi sentimita 1 tu, na mtetemo ambao kila mkono wa binadamu unao unachujwa njiani. Hadi hapo ni ajabu ambayo magazeti yameshaisifu vya kutosha.

Mimi natazama kitu kidogo zaidi. Kati ya kidole cha daktari na bapa la mkasi mna kipimo cha pembe, programu, mota, visahani vinavyozunguka na kamba za waya. Kinachopimwa ni kimoja: vidole vimeachana kiasi gani. Basi. Ule msukumo wa pembeni, wa gumba kwenda nje na vidole kurudi ndani, haupimwi, hausafirishwi, haufiki. Huko mwisho wa safari kila bapa limeshikizwa kwenye kigurudumu chake, vigurudumu viwili juu ya pini moja, na kila kigurudumu kina kamba yake ya kwenda na ya kurudi. Bapa linazungushwa huku, linazungushwa kule. Hakuna kitu kinachoyaambia mabapa yaegemeane. Roboti, kwa hali yake ya kuzaliwa, ni mtu wa mkono wa kushoto aliyepewa mkasi wa dukani.

Kazi ya mbunifu basi ni kulichukua gumba la yule mama wa Manika na kulificha ndani ya chuma.

Analificha wapi? Chukua mkasi wowote mzuri, ufumbe, uinue kwenye mwanga wa dirisha. Marehemu baba yangu alikuwa ajisteri, fundi wa kupiga tupa vyuma hadi vikae sawa, na alikuwa na tabia hiyo kwa kila kitu kilichopita mkononi mwake: rula, bawaba, hata kifuniko cha sufuria ya mama. Mwanga ukipita, alisema, chuma bado hakijakubali. Mkasi ndicho kitu pekee nilichomwona akikikagua kwa kanuni iliyo kinyume. Mkasi mzuri lazima upitishe mwanga. Mabapa yake yamepindwa kidogo mno, kila moja likielekea kwa mwenzake, hivyo ukiufumba yanagusana karibu na skrubu na nchani tu, na katikati unabaki ufa mwembamba kama uzi. Ufungue, kisha uufumbe polepole: utaona mguso ukitembea. Unaanzia shinani, unasogea mbele, unaishia nchani. Kila wakati ni nukta moja tu inayokata. Pete, mikono, skrubu, makali yote hayo marefu, vyote vipo kuihudumia nukta moja inayotembea.

Upinde huo ndio gumba. Bapa lililopindwa likisukumwa na mwenzake linyooke, linataka kurudi lilivyokuwa, na hamu yake ya kurudi ndiyo inayobana. Wabunifu wengine huongeza washa ya springi kwenye pini, kisahani kilichobinuka kidogo, ili mabapa yaendelee kusukumwa pamoja hata baada ya chuma kulika. Kwa fundi cherehani mambo haya ni nyongeza tu, maana mkono wake unaweza kuusamehe mkasi mbovu. Roboti haina mkono wa kusamehe.

Lakini upinde kiasi gani? Hapo ndipo kazi inapokuwa tamu. Ukipungua kwa unene wa unywele, utando wa mafuta au mshipa mdogo utajikunja kati ya mabapa kama kile kitenge. Ukizidi, mabapa yanasuguana hadi makali yanalana, na nguvu iliyotumwa na mota inamalizwa na msuguano kabla haijafika kwenye nyama. Na nguvu hiyo haikuwa ya kuchezea. Tuhesabu kidogo. Ufito ukiwa wa milimita 8, tuseme kigurudumu cha bapa kina kipenyo cha milimita 5. Kamba inavuta kwa umbali wa milimita 2.5 kutoka kwenye pini. Nyama inakatwa nchani, tuseme milimita 12 kutoka kwenye pini ileile. Kwa hiyo kila gramu moja inayohitajika nchani inaidai kamba karibu gramu 5, kabla msuguano haujachukua ushuru wake. Mkasi wa fundi una mikono mirefu na pete zilizo mbali na skrubu. Mkasi wa roboti umepewa mpini mfupi na mdomo mrefu, kisha ukaambiwa ukate kwa adabu.

Halafu kuna utelezi. Mabapa yakifunguka sana, nyama haikatiki. Inasukumwa mbele, inatoka mdomoni kama sabuni iliyolowa. Dawa moja ni kulichonga bapa moja vijino vidogo ambavyo jicho halivioni vizuri, na kuliacha la pili laini. Moja linashika, jingine linakata, kama watu wawili wanaochinja kuku.

Sasa nije kwenye kamba, na hapa mtu wa jimbo letu la Lualaba ana haki ya kuvuta kiti akae.

Kamba nyingi za vyombo hivi ni za tungsteni: nyuzi nyembamba mno, makumi kwa makumi, zimesokotwa hadi kamba nzima ina unene kama wa nusu milimita. Tungsteni ina ukakamavu karibu mara mbili ya chuma. Ukiivuta haikubali kurefuka kirahisi, na kamba isiyorefuka ndiyo inayofikisha ujumbe wa kidole bila kuulegeza. Hata hivyo kamba hiyohiyo inatakiwa ipinde kwenye kona kali. Ukakamavu katika kuvutwa na ulaini katika kupindwa hukaa pamoja katika hali moja: nyuzi ziwe nyingi na ziwe nyembamba. Yaani ufundi wote unarudi kwenye kazi ya kale ya kuvuta waya.

Kazi hiyo si ngeni katika nchi hii. Bunkeya, ambayo leo imo ndani ya jimbo letu, ilikuwa makao makuu ya Msiri, mtu aliyetoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, akawatawala Bayeke hapa hadi alipouawa Desemba 1891. Wafua shaba wa ukanda huu, ambao mmisionari Mbelgiji Jean-Félix de Hemptinne aliwaandikia makala mwaka 1926 akiwaita walaji wa shaba, waliyeyusha mawe ya kijani na kumimina ile misalaba ya shaba ambayo sasa hutundikwa ukutani. Wengi wakiisifu misalaba wanasahau waya. Bayeke walijua kuifua shaba iwe ufito, kuuchonga ncha, kuipitisha ncha kwenye tundu la chuma, kuibana upande wa pili, na kuvuta. Kisha tundu dogo zaidi. Kisha dogo zaidi tena, mpaka waya unakuwa mwembamba wa kuzungushiwa kiini cha nyuzi na kuwa bangili inayopinda mkononi bila kuumiza. Hicho chuma chenye matundu ya kuvutia waya Kiswahili kimekipa jina lake: chamburo. Ni neno la masonara, na ningependa lisikike zaidi ya hapo, kwa sababu bila chamburo hakuna taa ya umeme, hakuna gitaa, hakuna roboti.

Shaba ina tabia moja: kila inapopita kwenye chamburo inazidi kuwa ngumu, na usipoirudisha motoni ipumzike inakatika mkononi. Tungsteni ni mkaidi wa aina nyingine. Inayeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, juu kuliko metali yoyote, na kabla haijafanyiwa kazi ni kavu kama chaki, igonge, ivunjike. William Coolidge, wa maabara ya General Electric kule Marekani, aliipatia dawa mnamo 1910 akitafuta nyuzi za taa: uifue na kuivuta ikiwa ya moto, hatua baada ya hatua, na chembe zake zitarefuka na kulaliana kama nyuzi za katani, hadi waya unapinda hata ukiwa baridi. Shaba huchoka kwa kuvutwa. Tungsteni kwa kuvutwa ndipo inapopata uzima.

Likabaki swali ambalo fundi wa Bunkeya angeliuliza kabla ya yote: chamburo ya kuvutia metali ngumu namna hiyo itatengenezwa kwa nini? Almasi ilifaa, na ilikuwa ghali. Mwaka 1923 Karl Schröter, akifanya kazi kwa watengenezaji wa taa wa Osram mjini Berlin, alichanganya unga wa kabidi ya tungsteni na unga kidogo wa kobalti, akaukandamiza, akaupika. Kwenye nyuzi 1,400 hivi kobalti inalegea na kuwa majimaji, inapenya kati ya chembe za kabidi, inazilowesha, inazikusanya. Ikipoa unapata kitu kigumu kiasi kwamba kampuni ya Krupp ilipokiuza ilikiita Widia, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Chembe ngumu peke yake zingemomonyoka. Kobalti peke yake ingekwaruzika. Kobalti ndiyo gundi, na ubora wa gundi ni kwamba haitaki kuonekana.

Fuata uzi huo mpaka mwisho. Mchanganyiko uliobuniwa ili kuvuta waya wa tungsteni umeshikiliwa na kobalti. Waya wa tungsteni ndio unaouvuta mkasi ndani ya tumbo la mgonjwa. Na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani siku hizi inatoka katika nchi yetu, sehemu kubwa yake katika ukanda huu wa Kolwezi, kutoka mgodi wa Kamoto hadi ule wa Mutanda, na katika lile jiwe jeusi, heterojeniti, ambalo mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo walilikuta chini ya nyumba zao wenyewe. Nyingi inakwenda kwenye betri, na ukiwasikiliza wageni utadhani haina kazi nyingine. Mimi naipendea kile kidogo kinachobaki kuwa gundi. Hata mikasi ya mkono ya hospitali, ile yenye pete za rangi ya dhahabu, ina vipande vya kabidi hiyohiyo kwenye makali. Dhahabu ni alama tu ya kumjulisha muuguzi kuwa huu si wa kufungulia chupa.

Nirudi kwenye kona kali. Aliyewahi kufanya kazi kwenye shimo nambari 5 la Kipushi, lenye kina cha zaidi ya mita 1,200, anajua kwamba kamba ya lifti ya mgodi haiuawi na mzigo peke yake. Inauawa na kupinda. Kila inapopita juu ya roda, au puli kama tunavyosema huku, nyuzi za nje zinavutwa na za ndani zinabanwa, halafu inanyooka, halafu inapinda tena, mpaka siku moja uzi mmoja unakatika, kisha wa pili. Ndiyo maana roda za migodi hujengwa kubwa kama nyumba ya kuku, mara 80 au 100 ya unene wa kamba. Sasa tazama kifundo cha mkono wa roboti: kamba ya nusu milimita, roda ya milimita 5. Mara 10. Mhandisi wa mgodi angekataa kutia saini. Mbunifu wa roboti anatia, lakini pembeni anaandika idadi ya safari. Kwa miaka mingi vyombo vya da Vinci viliuzwa na hesabu ya matumizi, mara nyingi 10, na ndani yake mna kichipu kinachopunguza moja kila operesheni. Baadaye baadhi viliongezewa, vingine hadi 18. Wapo wanaosema hiyo ni njama ya biashara, nami sitaitetea kampuni yoyote mbele ya mteja wake. Ila kamba nazo zina neno lao katika hesabu hiyo.

Tatizo jingine la kifundo lina uzuri wa fumbo. Kamba za mabapa lazima zipite juu ya kifundo ili kufika kwenye mkasi. Ukikikunja kifundo, nazo zinavutwa, na mkasi unataka kujifungua au kujifumba bila kuagizwa. Akhil Madhani, aliyemaliza shahada yake ya udaktari MIT mwaka 1998 chini ya Kenneth Salisbury, alijenga mkono wa majaribio ulioitwa Black Falcon, na tasnifu yake naisoma jinsi wengine wanavyosoma riwaya. Katika miundo ya ukoo huo suluhisho si kuufuta uhusiano kati ya kifundo na mkasi. Ni kuufanya uwe wa kutabirika. Kamba zinapitishwa kwenye roda ndogo zilizopangwa ili kila digrii moja ya mkunjo ivute kamba kiasi kilekile, wala hakipungui wala hakizidi. Ukishakijua kiasi hicho, programu inaiagiza mota ya mkasi iachilie kamba kiasi hichohicho wakati kifundo kinakunjwa. Mbunifu wa chuma na mwandishi wa programu wamepeana mikono, na daktari hajui kama kulikuwa na ugomvi.

Na mahali ambapo kamba haina sababu ya kupinda, katikati ya ufito, haipewi nafasi ya kulegea. Hapo inakatizwa na kuungwa na kijibomba chembamba cha chuma cha pua, kigumu kuliko kamba iliyosokotwa, kisha kamba inaendelea upande wa pili kuelekea kwenye roda. Laini panapohitaji ulaini, ngumu panapohitaji ugumu, katika mstari mmoja. Nilipoona mchoro wake kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Baba angeupenda.

Juu ya yote hayo, mkasi unaotumika zaidi kwenye roboti unapitisha umeme. Daktari akikutana na mshipa mdogo anakanyaga pedali, na ncha inauchoma damu isitoke. Kwa hiyo mlolongo wote wa roda, pini na kamba ulio nyuma ya ncha lazima ufunikwe, umeme usivuje, chini ya soksi ya silikoni ambayo nayo lazima ikunjike pamoja na kifundo. Mwaka 2013 kampuni inayotengeneza da Vinci, Intuitive Surgical, iliwatahadharisha wateja wake kuhusu nyufa ndogo sana zilizoweza kutokea karibu na ncha ya mikasi ya aina hiyo, umeme ukapita mahali usipotakiwa. Milimita 8 ni nyumba ndogo kwa wapangaji wengi hivyo.

Umbali wenyewe, ambao ndio unaowashangaza watu, mimi naupa nafasi ya pili. Tarehe 7 Septemba 2001 Jacques Marescaux, akiwa New York, alimwondolea kibofu cha nyongo mwanamke aliyekuwa Strasbourg, kwa roboti iliyoitwa ZEUS. Ucheleweshaji wa mawimbi kwenda na kurudi ulikuwa milisekunde 155 hivi. Juni 2025 Vipul Patel, akiwa Florida, alimfanyia upasuaji wa tezi dume mgonjwa aliyekuwa Luanda, katika nchi ambayo reli yetu ya kwenda Lobito inaishia. Na taasisi aliyoianzisha Marescaux, IRCAD, ilifungua kituo chake cha mafunzo cha Afrika mjini Kigali Oktoba 2023, hivyo vyombo hivi si hadithi za mbali tena. Lakini kilomita elfu au mita tatu, kwa mkasi ni mamoja: kidole hakipo. Umbali unaongeza tu uzito wa jambo ambalo kila mshonaji analijua, kwamba mshono mbaya hufumuliwa na mkato mbaya haurudi. Koleo likikosea, daktari analifungua. Mkasi hauna kufungua.

Tena kwa kawaida daktari hahisi kitu vidoleni. Kwa zaidi ya miaka 20 waliotumia da Vinci walikata kwa macho tu: wakijifunza kuona kuvutika kwa nyama, weupe wake inapobanwa, jinsi inavyotetemeka kabla ya kuachia. Machi 2024 toleo la tano la mashine hiyo liliruhusiwa Marekani, likiwa na vyombo vinavyoweza kupima nguvu nchani na kuirudisha kwenye vidole. Ni hatua kubwa. Hata hivyo kinachorudishwa ni kuvuta na kusukuma nyama. Lile egemeo la bapa juu ya bapa limebaki siri ya chuma na mtu aliyelipinda.

Na mtu huyo anajuaje kama amelipinda sawasawa? Kwa mikasi ya upasuaji, ya mkono na ya roboti, hesabu na kompyuta hufika mahali zikanyamaza, na mkasi hupelekwa ukakate. Hukatishwa kitu laini na kinyonge: utando wa mpira, shashi, kitambaa chepesi. Kitu kigumu hakifai kwa mtihani huu, kwa sababu kigumu hujisimamia chenyewe hata mbele ya mkasi mbovu. Kinyonge hujikunja mara tu kinapopata nafasi. Mkaguzi anafumba taratibu, kutoka shinani hadi nchani, na anatazama mahali pamoja tu: milimita ya mwisho. Hapo ndipo bapa ni jembamba kuliko kote, upinde umekaribia kwisha, kamba inafanya kazi kwa hasara kubwa kuliko kote. Uzi mmoja ukibaki bila kukatika, ukavutwa badala ya kukatwa, mkasi unarudishwa mezani.

Niliyasimulia haya kwa yule mama wa Manika alasiri moja umeme ulipokatika na cherehani yake ya mota ikanyamaza. Alisikiliza ya gumba akatikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu anayesikia habari za nyumbani kwao. Ya tungsteni na kobalti hayakumgusa sana. Kobalti hapa ni kama vumbi, kila mtu ana ndugu anayeichimba. Nilipofika kwenye kichipu, kwamba mkasi ukimaliza hesabu yake mashine inaukataa hata kama makali bado ni mazima, mkono wake ulisimama juu ya kitambaa.

"Papa," akasema, "na banaitupaka wapi?"